Mkopo wa Nyumba: Kwenda Benki Mwenyewe au Kupitia kwa Broka?

Familia inayotafuta nyumba ya kununua Mtwapa, Kilifi mjini au Malindi mara nyingi hukutana na broka kabla haijakutana na benki. Yule yule anayeonyesha nyumba ndiye anayesema, "Mkopo usikusumbue, nina mtu wangu benki." Ataomba nakala ya kitambulisho, stakabadhi za mshahara za miezi mitatu, na asilimia fulani ya mkopo iwe ada yake. Wakati mwingine huitaka ada hiyo kabla mkopo haujatoka, na hapo ndipo pesa za watu hupotelea.

Jambo hili si la kuamua kwa haraka. Mkopo wa nyumba hulipwa kwa miaka 15, 20, hata 25, na kinachowekwa rehani ni hati miliki ya mahali familia inapolala. Kufikia Desemba 2023, Benki Kuu ya Kenya ilihesabu mikopo ya nyumba takriban 30,000 tu katika nchi nzima yenye watu zaidi ya milioni 50. Maana yake ni kwamba mwananchi wa kawaida hana jirani wala jamaa aliyewahi kuupitia mkopo huu, wa kumuuliza. Broka hupata riziki yake hapo, kwa kuuza ujuzi ambao mtaa hauna. Ujuzi huo una bei halali. La kujua ni nani anaulipia, na lini.

Broka ni nani

Maneno kwanza. Kwa Wakenya wengi siku hizi, dalali ni yule anayeuza mali ya mdaiwa kwa mnada, ingawa wazee wa Pwani bado humwita dalali mtu yeyote anayewakutanisha muuzaji na mnunuzi. Hapa broka ni mtu wa kati, na dalali ni yule wa mnada. Huyo wa pili atarudi mbele.

Watu wa namna tatu hujiita broka. Wa kwanza ni wakala wa mauzo wa benki. Huyu hulipwa kamisheni na benki yenyewe, huuza mkopo wa benki hiyo moja tu, na hana sababu ya kumdai mkopaji hata shilingi. Wa pili ni mshauri wa kujitegemea ambaye hupeleka maombi kwa benki kadhaa na kulinganisha majibu yao. Huyu ndiye broka hasa, na anaweza kulipwa na mkopaji, na benki, au na wote wawili. Wa tatu ni wakala wa nyumba na ploti. Yeye hulipwa nyumba ikiuzwa, kwa hivyo humfaa mkopo utoke upesi na uwe mkubwa wa kutosha bei ya muuzaji. Riba itakuwaje mwaka wa kumi si shida yake.

Wakala wa nyumba anatakiwa kisheria kusajiliwa na bodi ya usajili wa mawakala wa nyumba, chini ya Sura ya 533 ya Sheria za Kenya. Lakini usajili huo ni wa kuuza na kupangisha mali. Haumfanyi kuwa mpokeaji wa pesa za mkopo, wala haumpi sauti ndani ya benki. Anayetaka kumtumia mtu wa kati yeyote amuulize maneno mawili bila haya: "Nani anakulipa?" na "Nikikosa mkopo, utanidai nini?" Jibu liandikwe na kutiwa sahihi. Aliye mkweli hatachukia.

Benki inauza nini, na sacco pia

Anayekwenda benki mwenyewe hupata bei ya benki hiyo moja. Huo ndio upungufu wake mkubwa: ofisa wa mikopo hatamwambia mteja kwamba jirani yake upande wa pili wa barabara anatoza nusu asilimia chini. Faida yake ni kwamba hakuna wa kugawana naye, na kwamba benki anayopitishia mshahara inamjua. Imeona pesa zikiingia na kutoka kwa miaka, na hilo lina uzito anapoomba kupunguziwa ada au riba.

Sacco isisahaulike. Baadhi ya sacco kubwa za walimu, za watumishi wa serikali na za wakulima hutoa mikopo ya nyumba ya muda mrefu, na kadhaa zina hisa katika Kenya Mortgage Refinance Company, KMRC. Kampuni hiyo ilipata leseni ya Benki Kuu mwaka 2020. Kazi yake ni kuzipa benki na sacco fedha za muda mrefu kwa gharama ya chini, nazo ziwakopeshe wananchi kwa riba isiyofika asilimia 10. Ilipoanza, mkopo haukuruhusiwa kupita shilingi milioni 4 katika eneo la Nairobi na kaunti za jirani, na milioni 3 katika kaunti nyingine kama za Pwani. Viwango hivyo vimepandishwa tangu wakati huo, na benki husika hutoa cha sasa.

KMRC haimkopeshi mwananchi moja kwa moja. Haina kaunta ya kupokea maombi ya mtu mmoja mmoja. Broka anayesema ana njia ya kumpitisha mtu hadi KMRC kwa ada fulani anauza kitu ambacho hakipo.

Tofauti ya riba huonekana vizuri ikifanyiwa hesabu. Chukua nyumba ya shilingi milioni 5, mnunuzi atoe milioni 1 mwenyewe na akope milioni 4 kwa miaka 20. Kwa riba ya asilimia 9.5, malipo ya kila mwezi ni kama shilingi 37,285. Kwa riba ya asilimia 14.5, malipo ni kama shilingi 51,200. Hadi mkopo uishe, wa kwanza atakuwa amelipa karibu milioni 8.9, na wa pili karibu milioni 12.3. Nyumba ni ile ile. Kwa hivyo kabla ya kumtafuta broka wa kupunguza riba kidogo, mtu aulize kama benki yake au sacco yake inatoa mkopo unaotokana na fedha za KMRC, na kama anafaa kuupata. Swali hilo ni la bure, na kwa wengi ndilo lenye pesa nyingi kuliko yote.

Jingine la kuuliza ni kama riba imefungwa au inabadilika. Riba inayobadilika huwa na sehemu mbili: kiwango cha msingi kinachopanda na kushuka na soko, na nyongeza ambayo benki humwekea mteja kulingana na inavyoona hatari ya kumkopesha. Kiwango cha msingi hakina mjadala. Nyongeza ina mjadala, na huo ndio uwanja ambao broka mzuri, au mteja jasiri, anaweza kufanya kazi.

Ipo pia kanuni ya theluthi. Sheria ya Ajira inataka makato yote yasizidi theluthi mbili za mshahara. Mwalimu wa Mariakani anayelipwa shilingi 90,000 anaweza kukatwa hadi 60,000. Lakini kodi ya mapato, NSSF, bima ya afya ya jamii na tozo ya nyumba huchukua karibu 25,000. Kinachobaki ni kama 35,000, nacho hakitoshi mkopo wa milioni 4 hata kwa ile riba ya asilimia 9.5, na hapo hana mkopo mwingine hata mmoja. Hesabu hii haibadiliki kwa kujuana. Broka akiahidi kuipindua, aghalabu anakusudia kughushi stakabadhi za mshahara, na fomu ya maombi itakuwa na sahihi ya mkopaji.

Kwa Waislamu ambao riba haiwafai, tangu mwaka 2008 zipo benki Kenya zinazofuata sharia kikamilifu, na baadhi ya benki nyingine zina madirisha ya namna hiyo. Katika murabaha, benki huinunua nyumba na kumuuzia mteja kwa bei ya juu inayojulikana tangu siku ya kwanza. Katika ushirika unaopungua, benki na mteja humiliki pamoja, na mteja hununua fungu la benki kidogo kidogo. Milango hii ni michache kiasi kwamba mtu anaweza kuipitia yote mwenyewe kwa wiki moja.

Wakati broka anastahili ada yake

Wapo ambao broka huwafaa kweli. Mwenye duka la jumla Malindi ambaye mapato yake hupita M-Pesa, fedha taslimu na akaunti tatu za benki hana stakabadhi ya mshahara ya kuonyesha. Kila benki ina namna yake ya kuyasoma mapato kama hayo, na mshauri anayejua ni ipi husoma vitabu vya biashara kwa moyo mweupe humwokoa na kukataliwa mara tatu. Vivyo hivyo kwa mtu wa kaunti hii anayefanya kazi Dubai au Doha na kupata likizo mara moja kwa mwaka. Karatasi zake zinahitaji mtu wa kuzifuatilia, ingawa benki kadhaa zina ofisa maalum wa Wakenya walio ng'ambo, na kumpigia huyo kwanza hakugharimu kitu.

Hesabu ya ada nayo ifanywe. Broka akimpunguzia mkopaji wa hapo juu riba kutoka asilimia 14.5 hadi 14, malipo hushuka kwa karibu shilingi 1,460 kwa mwezi, yaani karibu shilingi 350,000 kwa miaka 20. Ada ya asilimia 2 ya mkopo ni shilingi 80,000. Hapo broka amejilipia, mradi punguzo hilo limeandikwa katika barua ya benki, na mradi mteja asingelipata kwa kuomba tu. Barua za ofa kutoka benki mbili tofauti, zikiwekwa mezani kwa ofisa wa mikopo, hufanya kazi hiyo hiyo bila ada.

Anayeamua kutumia broka ajiwekee mipaka. Ada ilipwe mkopo ukishatoka, na kiasi chake kitajwe kwa shilingi. Hati miliki halisi isipite mikononi mwake. Pesa ya diposi, ambayo kwa kawaida ni asilimia 10 ya bei, iwekwe kwa wakili wa muuzaji kwa masharti yaliyoandikwa katika mkataba wa mauzo. Isitumwe kwenye simu ya broka. Mthamini asilipwe kabla ya kujua benki gani itakopesha, kwa kuwa kila benki ina orodha ya wathamini inaowakubali na ripoti ya mwingine inaweza kukataliwa. Halafu mkopaji aende mwenyewe benki, angalau mara moja, ahakikishe ombi lake lipo na tarakimu ni zile alizozijaza.

Karatasi ambazo hakuna broka wa kuzifupisha

Maombi mengi Pwani hukwama kwenye ardhi kabla hata ya kufika kwenye mshahara. Kisa cha kwanza ni nyumba bila ardhi, desturi ya miaka mingi Mombasa na Malindi, ambapo mtu humiliki kuta na paa huku ploti ikiwa ya mwingine anayelipwa kodi ya ardhi kila mwezi. Nyumba kama hiyo hununuliwa na kuuzwa, hurithiwa, na watu huishi ndani yake vizazi vitatu. Benki haiwezi kuiandikia rehani kwa sababu mwenye nyumba hana hati miliki ya kuiandikisha. Hali ni hiyo hiyo kwa anayeshikilia barua ya ugawaji tu, au ploti iliyokatwa kutoka shamba kubwa ambalo hati yake ingali moja kwa jina la marehemu babu.

Fleti zina njia yake. Sheria ya mwaka 2020 kuhusu umiliki wa sehemu za majengo inaruhusu kila fleti kuwa na hati yake. Mnunuzi wa fleti Mtwapa aulize kama hati hiyo imeshatoka au bado inaahidiwa, maana mkopo hautolewi juu ya ahadi.

Ardhi ikiwa ya kilimo, uuzaji na rehani yenyewe huhitaji idhini ya Bodi ya Udhibiti wa Ardhi, na ombi linatakiwa kupelekwa ndani ya miezi sita tangu mkataba kutiwa sahihi. Nyumba ikiwa ya ndoa, rehani haisimami bila idhini ya mume au mke. Hili benki hulikazia, na ni vizuri, kwani wapo waliogundua kwamba nyumba yao iko rehani siku notisi ilipobandikwa mlangoni. Broka anayependekeza sahihi ya mke "ishughulikiwe" anapendekeza kosa la jinai.

Gharama za serikali hazibadiliki kwa kupita mlango huu au ule. Ushuru wa stempu wa kuhamisha umiliki ni asilimia 4 ya thamani mjini na asilimia 2 mashambani: kwa nyumba ya milioni 5, shilingi 200,000 au 100,000. Baadhi ya wanunuzi wa nyumba ya kwanza katika mpango wa nyumba za bei nafuu husamehewa ushuru huo. Kuandikisha rehani ni asilimia 0.1 ya mkopo. Juu yake kuna ada ya mthamini, ya wakili wa mnunuzi, na ya wakili wa benki ambaye pia hulipwa na mkopaji, jambo linaloshangaza wengi siku ya mwisho. Wenye pensheni kazini wanaweza kutumia hadi asilimia 40 ya akiba yao kununua nyumba ya kuishi, bila kupita shilingi milioni 7.

Upande wa kodi kuna nafuu. Tangu mwishoni mwa Desemba 2024, anayeishi katika nyumba aliyoinunua au kuijenga kwa mkopo anaweza kuondoa hadi shilingi 360,000 za riba kwa mwaka katika mapato yanayotozwa kodi. Kwa anayetozwa asilimia 30, hiyo ni hadi shilingi 108,000 kwa mwaka. Sharti moja ni mkopo uwe wa taasisi iliyotajwa katika sheria ya kodi ya mapato. Mkopo wa mtu binafsi uliopatikana kwa broka, hata ukiitwa wa nyumba, hauna nafuu hiyo.

Mambo yakiharibika

Kazi ya broka huisha siku pesa zinapotoka. Anayebaki na mkopaji miaka 20 ni benki au sacco, na hili lipimwe mapema. Tawi liko karibu? Anayehusika na mikopo anapatikana? Waliowahi kuchelewa kulipa walitendewaje?

Mkopaji akishindwa kulipa, Sheria ya Ardhi ya mwaka 2012 inamlinda kwa hatua. Mkopeshaji humpa notisi ya maandishi, akimwachia miezi isiyopungua mitatu kurekebisha. Akikusudia kuuza, hutoa notisi nyingine ya siku 40, na mume au mke aliyeidhinisha rehani naye hupewa nakala. Dalali huja baada ya hapo na notisi yake ya siku 45. Nyumba lazima ithaminiwe kabla ya mnada, na ikiuzwa kwa bei iliyo chini ya thamani ya soko kwa asilimia 25 au zaidi, mkopaji anaweza kwenda mahakamani kudai mkopeshaji hakutimiza wajibu wake. Muda huu ni wa kutumia mapema. Mkopo hupangwa upya kwa urahisi zaidi kabla ya ile notisi ya kwanza kuliko baada ya ya tatu, na mkopaji anaweza kuzungumza na benki yake moja kwa moja bila kumlipa mtu "wa kuzuia mnada".

Kabla ya kuanza, mkopaji achukue ripoti yake ya CRB, ambayo kila mtu ana haki ya kuipata bure mara moja kwa mwaka, na afanye sachi rasmi ya ardhi katika sajili. Serikali ya kaunti huhusika kwa cheti cha kutodaiwa ada za ardhi, ambacho muuzaji anatakiwa kuwa nacho ili umiliki uhamishwe, na kwa ramani za ujenzi zilizoidhinishwa na hati ya kuruhusu jengo kukaliwa. Ada hizo hulipwa kwa njia rasmi za kaunti na risiti hutolewa papo hapo. Mnunuzi aombe kuona risiti yenye nambari ya ploti ile ile iliyo katika hati, na nakala yake ibaki kwa wakili wake.